Sayansi ya jamii: Fahamu swali kabla ya kuchagua jina la shahada

KILA matokeo ya KCSE yanapotangazwa, maelfu ya watahiniwa waliopata alama ya C+ na zaidi huanza kupekua orodha ya kozi katika tovuti ya KUCCPS, asasi iliyorithi kazi ya Bodi ya Pamoja ya Udahili (JAB) kufuatia Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012. Wanaotamani udaktari au uhandisi huwa wanajua watakalo. Wanaoangukia sayansi ya jamii, aghalabu, hubahatisha. Mmoja huchagua uchumi kwa sababu jina lina heshima, mwingine saikolojia kwa kuwa rafiki zake humtegemea kwa ushauri.

Kubahatisha huko kuna gharama. Shahada ya kwanza ni miaka minne ya karo, malazi na mkopo wa HELB ambao sharti ulipwe.

Kosa kubwa ni kudhani kwamba masomo haya hutofautiana kwa mambo yanayochunguzwa. La hasha! Yote humchunguza binadamu na jamii yake. Yanachotofautiana ni swali linaloulizwa na zana za kulijibu.

Tazama mfano wa Busia. Kuanzia mwaka wa 1998, wanafunzi wa shule 75 za msingi katika maeneo ya Budalangi na Funyula walipewa dawa za minyoo kwa awamu, shule baada ya shule. Wanauchumi Edward Miguel na Michael Kremer walitumia mpangilio huo kulinganisha shule zilizotangulia na zilizosubiri, na katika makala yao ya 2004 wakaripoti kwamba watoto waliotibiwa walikosa masomo kwa siku chache zaidi. Kremer alikuwa miongoni mwa watu watatu waliotuzwa Nobel ya uchumi mwaka wa 2019. Hata hivyo, mwaka wa 2015 watafiti wengine walizichambua upya takwimu zizo hizo na kuzua mjadala mkali. Asiyependa hesabu hangeweza kushiriki mjadala huo, na hiyo ndiyo kazi ya mwanauchumi.

Katika mwongo huo wa 1990, wanaanthropolojia waliokuwa wakifanya utafiti miongoni mwa Waluo magharibi mwa Kenya waliuliza swali tofauti kabisa: je, mnyoo ni nini kwa mwenyeji? Waliandika kwamba wengi waliuona kuwa sehemu ya mwili, tena wenye manufaa katika kusaga chakula. Jibu kama hilo halipatikani kwa fomu ya maswali. Hupatikana kwa kuishi na watu, kujifunza lugha yao na kuandika daftari kila jioni.

Ilipofika mwaka wa 2001, baadhi ya shule hizo za Busia ziliwatoza wazazi ada ndogo kwa ajili ya dawa hizo. Idadi ya waliozitumia ilishuka kwa takriban asilimia 80. Hapo mwanasosholojia ana lake la kuuliza: ni familia zipi zilizojiondoa, na nani nyumbani huamua pesa zitumike vipi? Naye mwanasayansi wa siasa angeuliza ni kwa nini serikali ilianzisha mpango wa kitaifa wa dawa hizo mwaka wa 2009 wala si mapema, na ni nani aliyeisukuma.

Basi jiulize ni swali gani kati ya hayo lililokuvutia. Hicho ni kielelezo bora kuliko jina la kozi. Anthropolojia, kwa mfano, hudharauliwa na wengi kana kwamba ni makombo ya udahili, ilhali Jomo Kenyatta aliisomea jijini London chini ya Bronislaw Malinowski, na kazi yake ya huko ikachapishwa kuwa kitabu mwaka wa 1938.

Zipo tahadhari mbili ambazo wazazi hukawia kuzisikia. Kwanza, shahada ya kwanza ya saikolojia haimfanyi mtu kuwa mtaalamu wa kutibu wagonjwa. Huhitajika masomo zaidi na mafunzo ya vitendo, na tangu 2014 kuna sheria inayosimamia washauri nasaha na wanasaikolojia. Pili, wapo wanaojiliwaza kwamba kazi ikikosekana watakuwa walimu. Sosholojia na sayansi ya siasa hazifundishwi katika shule za upili, na tume ya TSC humtaka mwalimu wa sekondari awe na masomo mawili yanayofundishwa huko. Anayetaka kuuacha mlango huo wazi heri aambatanishe jiografia, historia au lugha, na akumbuke kwamba atahitaji pia mafunzo ya ualimu.

Suala la hisabati halihusu wanauchumi pekee. Takwimu zimo katika saikolojia, sosholojia na masomo ya idadi ya watu, na mwanafunzi aliyezikimbia kidato cha nne atazikuta zikimsubiri mwaka wa pili. Wanafunzi wa Gredi ya 10, ambao kuanzia Januari 2026 ni wa kwanza kuingia sekondari ya juu chini ya mtaala wa CBC, wanapaswa kuwa macho zaidi. Hisabati ni lazima kwao wote, lakini anayefuata mkondo wa sayansi ya jamii anaweza kusoma ile nyepesi. Mwenye nia ya kusomea uchumi aulize mapema kama hiyo itamtosha.

Kabla ya kujaza fomu, usitosheke na alama za masomo manne ya kundi na jina la chuo. Itisha kutoka kwa idara husika orodha ya masomo ya mwaka wa tatu, kwa kuwa ya mwaka wa kwanza hufanana karibu kote. Uliza pia kama kuna utafiti wa nyanjani, kama wanafunzi hupelekwa kazini kujifunza, na kama unaweza kuunganisha masomo mawili.