Timu Huhama, Uwanja Hubaki

Tangu JKT Oljoro ya Arusha ishuke daraja mwaka 2014, mpenzi wa soka wa Endamarariek, wilayani Karatu, alizoea kuifuata Ligi Kuu redioni na kwenye vibanda vya kuonyeshea mpira. Mwaka 2024 ligi ikamsogelea: Fountain Gate iliufanya Uwanja wa Tanzanite Kwaraa, mjini Babati, kuwa nyumbani kwake. Babati ni Manyara na Karatu ni Arusha, lakini mikoa hiyo ilitenganishwa mwaka 2002 tu, na Wairaqw wana ndugu pande zote mbili.

Timu hiyo haikuzaliwa Babati. Mwaka 2022, klabu ya DTB iliyokuwa imepanda daraja iligeuka kuwa Singida Big Stars. Mwaka uliofuata ikaitwa Singida Fountain Gate, kisha jina la Singida likaondolewa. Singida nayo haikukaa mikono mitupu, kwani Ihefu ya Mbarali ilihamishiwa huko na kubatizwa Singida Black Stars.

Walioumia ni watu wa Mbarali. Novemba 2022, katika uwanja wao wa Highland Estates, Ihefu iliifunga Yanga 2-1 na kuikatia mfululizo wa mechi 49 za ligi bila kupoteza. Haikupita miaka miwili, timu ikaondoka bila kushuka daraja. Kwa timu za wamiliki binafsi kama hizi, nafasi ya Ligi Kuu ni mali ya mwenye timu. Shabiki hana hisa, wala hapigi kura.

Viwanja vina ugomvi wa aina nyingine. Sheikh Amri Abeid wa Arusha, Sokoine wa Mbeya na CCM Kirumba wa Mwanza viko chini ya CCM. Vingi vya aina hiyo vilijengwa enzi za chama kimoja kwa michango na nguvu za wananchi. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, viwanja vilibaki kwa CCM, na wapinzani wamedai kwa miaka virudishwe serikalini.

Marekani wanaujua mkasa wa timu kuhama. Dodgers, timu ya besiboli, iliihama Brooklyn baada ya msimu wa 1957, mmiliki wake Walter O'Malley aliposhindwa kuelewana na Robert Moses, mtu mwenye nguvu kubwa katika mipango ya jiji, kuhusu kiwanja. Ikaenda Los Angeles, na haijarudi.

Sasa serikali inajenga Arusha uwanja wa watu 30,000 kwa ajili ya AFCON ya 2027, itakayoandaliwa na Tanzania, Kenya na Uganda. Mashindano yatakwisha kwa wiki chache, na uwanja utahitaji wapangaji. Kabla halmashauri yoyote haijatoa hela ya kuvutia timu, itake mkataba wa miaka kadhaa unaoeleza nani anatunza nyasi, mapato ya mlangoni yanagawanywaje, na fidia ni kiasi gani timu ikihama kabla ya muda. Mbarali hawakuwa na karatasi ya kuizuia timu isiondoke; Babati na Arusha bado wana nafasi ya kuiandika.