Maelezo ya zana (akili mnemba)

Maelezo ya zana ni matini mafupi yanayoijulisha programu-wakala ya akili mnemba kazi ya zana fulani, taarifa inazohitaji na majibu inayotoa. Wakala haoni msimbo ulio nyuma. Huchagua hasa kwa kusoma maneno hayo.

Chukua mfano wa zana inayosoma DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaotumika Tanzania. Kuandika “hutoa wagonjwa wa malaria wa Malinyi” hakutoshi. Malinyi ni wilaya mkoani Morogoro, tena ni kata. Na kabla haijamegwa kutoka wilaya ya Ulanga, hesabu zake ziliingia humo. Kilombero nayo ni mto, bonde na wilaya. Maelezo mazuri hutaka utambulisho wa eneo badala ya jina, hutaja ngazi yake, na huonyesha namna ya kuandika kipindi: 202403 ni Machi 2024. Husema pia kwamba jibu tupu si sifuri, maana huenda zahanati haijaleta ripoti. Hili husahaulika, nalo ndilo hatari kuliko yote: wakala atatangaza kwa kujiamini kwamba malaria imekwisha.

Katika MCP, itifaki ya kuunganisha mawakala na zana iliyotolewa na Anthropic Novemba 2024, maelezo husafiri pamoja na jina la zana na muundo wa taarifa zake.