Teshima: Kisiwa kilichomwagiwa taka, sasa wageni huja kutazama matone ya maji

Teshima ni kisiwa kidogo katika bahari ya ndani ya Seto, magharibi mwa Japani. Wageni wengi hufika asubuhi kwa boti kutoka bandari ya Takamatsu au Uno na kurudi jioni. Wanafuata jumba la sanaa ambalo halina picha ukutani wala sanamu.

Ndani kuna nini?

Jumba hilo lilifunguliwa mwaka 2010. Ni kazi ya msanifu majengo Ryue Nishizawa na msanii Rei Naito. Ni kuba moja nyeupe ya zege, isiyo na nguzo hata moja. Paani kuna matundu mawili makubwa yaliyo wazi, hivyo mwanga, upepo, mvua na sauti za ndege huingia. Sakafuni, vitundu vidogo hutoa maji tone kwa tone. Matone huteleza, hukutana, kisha huwa vidimbwi. Sanaa yenyewe ndiyo hiyo.

Mgeni huvua viatu, huzungumza kwa sauti ya chini na haruhusiwi kupiga picha. Mwenye haraka ataona sakafu iliyolowa tu. Anayeketi huanza kuona jinsi upepo unavyosukuma tone na mwanga unavyohama.

Kwa nini Teshima?

Jina la kisiwa hicho, kwa maandishi ya Kijapani, lina maana ya kisiwa cha neema. Hata hivyo, kuanzia miaka ya 1970 kampuni moja ilimwaga huko taka za viwandani kinyume cha sheria, hadi polisi walipoingilia kati mwaka 1990. Wakazi waliendelea kudai haki yao. Mwaka 2000 serikali ya mkoa wa Kagawa iliwaomba radhi na kukubali taka ziondolewe. Zaidi ya tani 900,000 za taka na udongo uliochafuka zilipelekwa kisiwa jirani cha Naoshima kuteketezwa, kazi iliyokamilika mwaka 2017.

Jumba lilipojengwa, mashamba ya mpunga ya matuta yaliyokuwa yametelekezwa kando yake yalifufuliwa kwa ushirikiano na wenyeji.

Sanaa haijamaliza matatizo yote. Vijana wengi wamehama na wakazi wengi ni wazee. Wala si watalii walioziondoa taka. Wanakijiji ndio waliosimama kidete kwa miaka mingi, kabla mgeni yeyote hajaja kutazama matone.