Rangi ya mbao katika uundaji wa kayaki

Kayaki ni chombo chembamba kinachoendeshwa kwa kasia lenye bapa kila upande. Asili yake ni Wainuit na Waaleut wa kaskazini ya mbali, waliowamba ngozi za wanyama wa baharini juu ya kiunzi cha mbao. Waaleut walikipaka kiunzi hicho ngeu, udongo mwekundu ambao seremala wetu huutumia kuchorea mistari.

Siku hizi mafundi wengi hutumia plaiwudi nyembamba ya okoume, mti wa Gabon na nchi jirani. Kwa kuwa ubao wake una wekundu hafifu, baadhi yao huutia rangi ya kupenya ili ukaribie mkangazi. Rangi hii haifuniki nyuzi za ubao, bali huzidhihirisha.

Mpangilio wa kazi ndio muhimu. Rangi hutangulia, kisha epoksi na kitambaa cha nyuzi za kioo, na mwisho vanishi. Epoksi ikishakauka huziba vinyweleo vya ubao, na rangi haiwezi tena kupenya. Aidha, matone ya gundi yasiyoondolewa kwa msasa huacha mabaka meupe. Hata hivyo, tabaka la juu la plaiwudi ni jembamba mno. Anayesugua kupita kiasi hulitoboa.

Aghalabu rangi ya maji au ya spiriti ndiyo hupendekezwa. Rangi ya mafuta yaweza kuizuia epoksi kushikamana na ubao. Kitambaa kikibanduka, maji hupenya na kuuozesha. Rangi ya maji nayo huinua nyuzi za ubao. Kwa hivyo, fundi huupangusa kwanza kwa kitambaa chenye unyevu, akauacha ukauke, akapitisha msasa laini, ndipo apake. Baada ya kupaka, sharti ubao ukauke kabisa kabla ya epoksi.

Ni busara kufanya majaribio kwenye kipande cha plaiwudi iyo hiyo, kwa rangi, epoksi na vanishi zile zile, kwani epoksi hukoleza rangi. Kasoro iliyofunikwa na epoksi haiondoki ila kwa kukwangua upya.

Hatimaye, miale ya jua huidhoofisha epoksi na kufifisha rangi. Vanishi yenye kinga dhidi ya miale hiyo ndiyo ngao ya chombo, nayo hupakwa upya kila inapochakaa.