Kukusudia Kuruhusu: Mabaraza ya Uingereza na Leseni za Kamari

Mfasiri hujifunza mapema kwamba katika sheria, neno dogo ndilo libebalo mzigo mkubwa. Katika Sheria ya Kamari ya Uingereza ya mwaka 2005 mna maneno ambayo kwa lugha yetu nayafasiri "kukusudia kuruhusu". Mabaraza ya miji ya nchi hiyo yameshindana nayo tangu sheria ilipoanza kutumika kikamilifu, tarehe 1 Septemba 2007.

Turudi nyuma kidogo. Sheria ya 1906 ilipiga marufuku kamari ya mitaani. Tajiri aliendelea kucheza kwa mkopo, au kwenye uwanja wa mbio za farasi. Maskini alikimbizana na polisi vichochoroni. Sheria ya 1960 ilikiri kwamba marufuku ile imeshindwa, na tarehe 1 Mei 1961 maduka ya kamari yakafunguliwa kwa halali. Leseni zilitolewa na mahakimu, nao walikuwa na haki ya kuuliza swali ambalo mkaazi yeyote wa mtaa angeliuliza: je, maduka yaliyopo hayatoshi? Yakionekana yatosha, mwombaji aliweza kurudi mikono mitupu.

Sheria ya 2005 iliwaondolea mahakimu kazi hiyo na kuwapa madiwani. Kwa sura ya nje, madaraka yalisogezwa karibu na wananchi. Angalau kila miaka mitatu, baraza hulazimika kuandika sera yake ya leseni, baada ya kushauriana na mkuu wa polisi, wenye biashara ya kamari, na wawakilishi wa watu watakaoguswa. Sera hiyo haina budi kutazama malengo matatu: kamari isiwe chimbuko la uhalifu; ichezwe kwa haki na uwazi; watoto na wanyonge wasidhuriwe wala kunyonywa.

Lakini lile swali la mahakimu lilifutwa. Baraza limekatazwa kutazama kama mahitaji yapo, nalo limeamriwa likusudie kuruhusu, maadamu ombi halipingani na malengo hayo, na mwongozo wa Tume ya Kamari, na sera yenyewe. Kasino pekee ndizo liwezazo kuzifungia mlango, kwa azimio ambalo hufa baada ya miaka mitatu.

Uzito wa maneno hayo ulidhihirika Newham, mashariki mwa London. Mwaka 2013 madiwani walikataa ombi la duka jipya kwa kuhofia uhalifu, na kwa kuona kuwa faida yake ingetokana zaidi na mashine za kamari. Mwombaji alikata rufaa, akashinda. Wakati huo kila duka liliruhusiwa mashine nne, na dau lilifika pauni 100 kwa mchezo mmoja. Newham ikayaongoza mabaraza mengine kuiomba serikali ishushe dau hadi pauni 2. Mwaka 2015 ombi likakataliwa. Dau lilishuka Aprili 2019, na aliyelishusha ni serikali kuu.

Hata hivyo, madiwani hawakukaa kimya. Westminster na Manchester waliagiza utafiti wa kuonyesha kwenye ramani mitaa wanakoishi watu walio rahisi kudhurika, na tangu Aprili 2016 kila mwenye duka hutakiwa kuandika hatari zilizopo mahali pake. Sera iliyokuwa maneno matupu ikapata anwani za mitaa. Mwenye kuamriwa aruhusu aweza bado kuweka masharti, akiwa na ushahidi mkononi.

Msomaji wa pwani asidhani kuwa haya ni ya ng'ambo tu. Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010 limeyataja mambo ya kamari na kasino miongoni mwa kazi za kaunti, Lamu na Mombasa zikiwamo. Rasimu inapoletwa mbele ya watu, mfanyabiashara hufika na wakili wake, naye amekwisha kulipima kila neno. Mzee wa mtaa asipofika kuuliza kama yaliyopo hayatoshi, swali hilo halitaandikwa popote. Asiyekuwapo na lake halipo.