Tulionyeshwa mapafu meusi, jioni tukavuta

Nikiwa kidato cha pili, mgeni alikuja shule na picha ya mapafu meusi. Ukivuta fegi, utaisha hivi. Ukumbi wote kimya. Jioni hiyo, nyuma ya bweni, wanne wetu tukagawana moja. Haikuwa ubishi. Mapafu yale yalikuwa ya mzee, na sisi tulikuwa na miaka 15.

Juzi nimepata vifuko vya nikotini kwa begi ya brathe yangu mdogo. Nikataka kumhubiria, halafu nikajiuliza: kwani mahubiri yashawahi kusaidia nani?

Hebu cheki Marekani. Jimbo la Washington, kuanzia 1984, watafiti walichukua wilaya 40 za shule. Nusu yake, watoto walifunzwa kukataa sigara kuanzia darasa la tatu hadi la kumi na mbili. Matokeo yalitoka mwaka wa 2000: waliofunzwa na wasiofunzwa walivuta sawa tu. Miaka 15 ya kazi, maze.

Florida walienda njia tofauti. 1997 jimbo lilibana kampuni za tumbaku kortini hadi zikakubali kulipa, na sehemu ya pesa ikaenda kwa vijana. 1998 wakaita vijana wenyewe, wakawauliza wafanye nini. Jibu: tunajua sigara inaua, tuonyesheni nani anatuwinda. Na ushahidi ulikuwepo. Waraka wa ndani wa R.J. Reynolds wa 1984 ulisema vijana wa miaka 18 hadi 24 ndio chanzo pekee cha wavutaji wa kujaza nafasi. Yaani wewe ni spea.

Wakatoa matangazo, wakaunda vikundi shuleni, hasira ikageuzwa upande wa kampuni. Kati ya 1998 na 2000, uvutaji kwa wanafunzi wa shule za kati ulishuka kutoka asilimia 18.5 hadi 11.1.

Huku kwetu, Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 ilikataza kuuzia mtoto, na kuuza fegi moja moja. Sasa enda kibanda chochote karibu na steji uitishe moja. Utapewa na kiberiti juu.

Brathe sikumpigia kelele. Nilimuuliza tu: hii ulinunua kwa nani, na kwa nini wanaiweka ladha ya minti? Alinyamaza kitambo. Kisha akaniuliza, "Kwani wananitaka mimi?"

Ee. Wewe kabisa.