Mtunzi Aliyehamia Kisiwani Akapata Wasikilizaji

Wapenzi wa muziki wa okestra humsimulia Peter Maxwell Davies kana kwamba alikuwa watu wawili: kijana mkorofi wa miaka ya 1960, kisha mzee mpole wa visiwani. Kazi zake zinaukataa mgawanyo huo. Alizaliwa Salford, Uingereza, mwaka 1934, na kuanzia 1959 hadi 1962 alifundisha muziki katika shule ya sekondari mjini Cirencester. Huko aliwatungia wanafunzi wake O Magnum Mysterium, wakaiimba wao wenyewe mwaka 1960, wala hakuilegeza kwa sababu ni watoto. Mwaka 1969 London ikasikia Eight Songs for a Mad King, ambamo Mfalme George III, aliyerukwa na akili, hupiga mayowe na kuvunja violini jukwaani. Wengi walisikia fujo tu, lakini kazi hiyo ilikatwa kwa kipimo cha koo la mtu mmoja, Roy Hart, mwigizaji mzaliwa wa Afrika Kusini mwenye sauti isiyo na mipaka ya kawaida. Kote kuwili mtunzi ameanza na mtu aliye mbele yake, nota zikafuata.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alihamia Hoy, kisiwa cha Orkney, kaskazini mwa Uskoti, katika nyumba ya mawe isiyo na umeme. Ni rahisi kusema aliukimbia ulimwengu. Lakini anayekimbia watu haanzishi tamasha! Mwaka 1977 yeye na wenzake, akiwamo mshairi George Mackay Brown, walianzisha Tamasha la St Magnus, na opera yake kuhusu mtakatifu huyo ikaonyeshwa katika kanisa kuu la Kirkwall. Kisha ukaja mpango wa kuchimba urani karibu na mji wa Stromness. Mwaka 1980 alijibu kwa onyesho la nyimbo za kuupinga, na ndani yake mna kipande kifupi cha piano, Farewell to Stromness: kwaheri ya watu wanaowaza kuuacha mji wao. Urani haikuchimbwa.

Kuna hoja nzito zaidi: kwamba kipande hicho chepesi, pamoja na cheo cha Mkuu wa Muziki wa Malkia alichopewa 2004, ni dalili za mtu aliyelainika. Ingekuwa hivyo, asingeandika kwartet 10 za nyuzi kati ya 2001 na 2007, muziki mgumu usiombembeleza msikilizaji. Ya tatu ilibeba hasira yake juu ya uvamizi wa Iraq. Na cheo chenyewe, ambacho watangulizi wake walikishika maisha, yeye alikishika miaka 10 tu. Wepesi wa Farewell ni wa kukusudia: watu waliokuwa hatarini kupoteza mji wao walihitaji wimbo wa kuushika upesi.

Alifariki kisiwani Sanday, Orkney, tarehe 14 Machi 2016. Tamasha la St Magnus bado hufanyika Orkney kila Juni.